Ukurasa wa Nawaf

Mafundi wenzake wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, walimcheka Shakuru kwa sababu alitengeneza vitu kwa masikio. Redio ikiletwa, wao wanakimbilia bisibisi. Yeye anaiwasha, anaiinamia, anafumba macho na kukaa hivyo hata dakika tano. "Shakuru, unaitengeneza ao unaisomea?" wanamuuliza. Kisha anafungua skrubu mbili, anagusa waya mmoja kwa chuma cha moto, na redio inaanza kusema. Wacheshi wanarudi kwenye kazi zao, na kesho wanaanza upya.

Masikio hayo aliyarithi. Baba yake alivuka ziwa kutoka Ujiji na mfuko mmoja wa vyuma, akafungua meza ya redio Buyenzi kabla Shakuru hajazaliwa. Mzee alikuwa na macho mabovu tangu ujanani na hakutaka wateja wajue, kwa hiyo alisikiliza. Mtoto akadhani ndivyo kazi inavyofanywa na mafundi wote duniani. Alipogundua si hivyo, alikuwa na miaka ishirini, na hakuona sababu ya kubadilika.

Kibanda chake mwenyewe alikiweka karibu na soko kuu, na kwa miaka mingi kikampa ugali, mboga, mke na watoto wanne. Halafu ikaja Oktoba ya mwaka tisini na tatu. Rais akauawa, nchi ikawaka, na watu wakaanza kuja kibandani na redio zisizo na ubovu wowote. Walitaka zisikilizwe tu, waambiwe kama zinashika vizuri, maana kila mtu alikuwa na ndugu mahali fulani kule vilimani. Asubuhi moja mwanamke alisimama mbele ya meza akingoja redio yake. Shakuru akaiwasha, sauti ikatoka safi kabisa, na jambo la kwanza ililosema ni jina la kilima cha kwao na kilichotokea kwenye shule ya pale. Mwanamke alianguka juu ya meza, mkono wake ukaungua kwenye chuma cha moto, na hakuuondoa. Shakuru ndiye aliyeuondoa. Tangu siku ile aliichukia redio, na bado alizitengeneza miaka sita zaidi, kwa sababu tumbo halina likizo.

Kompyuta zilipoingia mjini, akaona mlango wa kutokea. Alinunua moja iliyotupwa na ofisi ya wageni, akaifungua juu ya mkeka, akaiunga, akaifungua tena, mpaka akaijua. Kifaransa cha kwenye skrini alikijifunza neno moja moja, kama mtu anayejua majina ya vipuri vya gari asiyejua kuendesha. "Ordinatere haitangazi," alikuwa akimwambia mkewe, Khadidja. "Inakaa kimya mpaka uiulize." Aliyemdanganya kwamba kimya hicho ni salama simjui, ila alidanganyika vizuri, na kwa miaka kadhaa alilala usingizi mzuri kuliko majirani zake wote.

Jumatatu moja ya Desemba 2003, Atumani akamfuata kibandani. Atumani alikuwa ameuza vitambaa miaka kumi na saba katika duka la marehemu Majid, Mwarabu wa mtaa wa Rohero, na sasa ndiye aliyekuwa akiliendesha.

"Mama Nawaf anakuita," alisema, akimaanisha mjane wa Majid. "Ordinatere ya nyumbani haifungui ukurasa. Njo leo, tafazali. Apana kesho."

Njiani akamweleza yaliyobaki, ingawa mji mzima ulikuwa unayajua. Mwanzoni mwa Septemba, Majid na mwanawe wa pekee wa kiume, Nawaf, walipanda na lori la vitambaa kwenda Ngozi. Juu ya Bugarama wakashambuliwa. Dereva alikufa kwenye usukani. Majid aliletwa mjini mchana ule ule na kuzikwa kabla ya magharibi. Nawaf hakuonekana, si yeye, si kiatu chake. Wengine walisema amekimbilia msituni. Wengine walisema wapiganaji wamemchukua awabebee mizigo. Wasiojua ndio waliosema zaidi.

"Sasa kuna ofisi ya kutafuta watu waliopotea," Atumani aliendelea. "Zamani walikuwa wanabandika orodha ku ukuta. Halafu wakaona wabaya nao wanakuja kusoma, wanajua nani alipona na amelala wapi. Wakaacha. Sasa wanaweka ndani ya internet, na kufuli. Kila familia iko na namba yake. Walinipa namba ya Nawaf kwenye karatasi, wakasema faili iko, mama atasoma mwenyewe. Mi nilitaka kwenda kufungua ku sibere, pale wanalipisha internet. Mama akakataa."

"Kwa nini?"

"Anasema ni jina ya mutoto wake, atalisoma yeye wa kwanza. Na yeye hawezi kwenda ku sibere. Iko ndani ya eda."

Hapo Shakuru akaielewa kazi iliyokuwa mbele yake. Mjane wa Kiislamu anakaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila ya dharura, hajipambi, hachangamani na wanaume wasio maharimu wake. Na kompyuta, Atumani alisema akiangalia chini, ilikuwa katika chumba cha Nawaf, na mama alihamishia eda yake humo humo tangu siku ya kwanza.

Nyumba ilikuwa kubwa na imepoa. Sebuleni alikuwa Bibi Maha, dada mkubwa wa marehemu, amekaa kwenye kochi na tasbihi mkononi, masikio yake yamezibwa na uzee. Yeye ndiye aliyewekwa ili fundi asiwe peke yake na mjane. Atumani alirudi dukani. Mwisho wa sebule kulikuwa na mlango, na mlangoni pazia zito la kijani, na nyuma ya pazia sauti ya mwanamke ikaitikia salamu yake.

"Fundi, unisamehe. Huwezi kuingia."

"Najua, Mama Nawaf. Mulete tu kiti, mi nitakaa hapa ku mlango. We utakuwa mikono, mi nitakuwa kichwa."

"Kifaransa mi sijui vizuri. Walinitoa ku masomo mwaka wa nne. Herufi naweza kukutajia."

"Herufi zinatosha."

Ndivyo walivyoanza. Shakuru alikaa kwenye kiti cha mbao, bega karibu liguse pazia, na kisanduku chake cha vyuma kikabaki miguuni hakijafunguliwa. Alimwambia awashe, akasikiliza feni ya mashine. Ilizunguka sawasawa. Akamwambia apige simu ya internet, maana mashine ilipitia laini ile ile ya simu ya nyumba, akasikia namba zikilia moja moja, kisha mluzi, kisha mkwaruzo, na katikati ya mkwaruzo wimbo ukakatika.

"Inafanyaga hivi kila mara?"

"Mara ingine inakata, mara ingine inashika."

Akamwambia apige tena. Safari hii alifumba macho, na ndani ya mkwaruzo akasikia kishindo kidogo, kilichotoka sebuleni na si chumbani. Akageuka. Bibi Maha alikuwa ameinua mkono wa simu ya mezani na kuuweka sikioni.

"Shangazi!" Shakuru alisema kwa sauti ya juu. "Unamupigia nani?"

"Simupigii mutu," alisema bibi. "Nasikilizaga kama laini inalia. Mutoto akipiga, isikutwe imekufa."

Alifanya hivyo kutwa nzima, miezi mitatu, kila alipomaliza mzunguko wa tasbihi. Shakuru alimweleza mara tatu kwamba akiinua mkono ule anaikata kompyuta. Bibi alikubali kwa kichwa, akaurudisha, na kwa usalama zaidi Shakuru akaisogeza simu mbali na kochi. Muda si mrefu bibi akasinzia.

Wimbo ukaimbwa mpaka mwisho, na kimya kizuri kikafuata. Mashine ilikuwa imeshika.

"Sasa andika anwani ya ile karatasi."

Vidole vya mama vilikuwa vya polepole lakini havikukosea. Alikuwa ameshaandika anwani ile mara nyingi mno. Shakuru alisikia kibonye cha mwisho, wakasubiri, kisha mama akashusha pumzi.

"Imekataa. Inasema ile maneno yake. I, M, P, O…"

"Wacha, nayajua. Inasema ukurasa hauwezi kuonekana. Hayo ni maneno ya bure, Mama Nawaf, inayasemaga kwa kila ugonjwa. Tujaribu ukurasa ingine." Akamtajia anwani ya gazeti moja, herufi kwa herufi, naye akaiandika.

Walingoja. Mama akapaza sauti kidogo. "Picha inakuja! Inashuka toka juu. Ni mutu ya kofia… ni waziri."

"Huyo hatumutaki," alisema Shakuru, na nyuma ya pazia akasikia kitu ambacho hakukitegemea katika nyumba ile: kicheko kifupi, kilichokatwa haraka kama kimefanya kosa.

Lakini alikuwa ameshapata alichotaka. Njia ilikuwa wazi. Mashine ilifika duniani na kurudi. Mlango mmoja tu ndio uliogoma, na mlango huo ndio wenye kufuli. Kuuliza si ujinga, na Shakuru aliamini nusu ya ufundi ni kuuliza tena swali ulilokwisha kuuliza.

"Mama Nawaf, kabla haijasema ile maneno, hakuna kitu ingine inakuja?"

"Inakuja kasanduku kadogo. Kanauliza kitu. Mi nafinyaga *Non*."

"Kwa nini *Non*?"

"Nawaf alinifundisha. Alisema, mama, mashine ikikuuliza kitu hujui, kataa tu."

Shakuru hakumlaumu. Ni ushauri mzuri, na katika miaka ile ulimfaa mtu hata nje ya kompyuta. Alimwambia aandike anwani upya, na kisanduku kikija asiguse kitu, amsomee. Ilichukua muda mrefu. Mama alitaja herufi kama watu wanavyosoma namba za magari, moja moja kwa majina yake ya Kifaransa, na Shakuru akaziunga kichwani. *Certificat*. Hilo analijua, cheti. *Date*, tarehe. *Pas encore valide*.

"Inasema cheti ya ule ukurasa haijaanza kufanya kazi," alisema. "Mama, angalia chini, mukono wa kuume, pale pa saa. Weka mushale wa suri juu yake. Inasema leo ni tarehe gani?"

"Tarehe makumi mbili, mwezi wa kumi."

"Ni hapo pako ugonjwa. Leo ni kumi na tano, mwezi wa kumi na mbili."

"Apana," alisema mama.

"Mama Nawaf…"

"Apana, Fundi. Leo ni makumi mbili, mwezi wa kumi. Hakuna mutu ndani ya Bujumbura anajua tarehe kunishinda. Nahesabu kila asubuhi. Nimemaliza miezi mitatu na siku kumi na nne."

Shakuru alifungua mdomo abishe, kisha akakumbuka kalenda aliyoiona ukutani alipoingia. Ilikuwa ya msikiti, yenye tarakimu kubwa nyekundu za mwezi wa Kiislamu, na tarehe za wazungu zimewekwa pembeni, ndogo, kana kwamba zimeomba nafasi. Leo ilikuwa ishirini Shawwal. Mwezi wa kumi. Mama alisema kweli, na mashine ilisema kweli kwa kadiri ilivyoambiwa, na wote wawili walikuwa wamepotea miezi miwili kasoro.

Alimuuliza polepole. Ndiyo, mama alikiri, kila umeme ukikatika mashine inaamka imesahau siku, na yeye anaiwekea. Anaangalia ukutani, anahesabu miezi kwenye orodha ya mashine, anafinya wa kumi.

"Ni kabatri kadogo ndani kamekwisha," alisema Shakuru. "Nitabadilisha siku ingine. We hukukosea tarehe, Mama Nawaf. Ila mashine inahesabu mwezi wa wazungu. Ofisi ilipata cheti yake mwezi wa kumi na moja. Mashine yako inaona bado ni mwezi wa kumi, inasema hii cheti imetoka wapi, bado haijazaliwa. Ndiyo maana inafunga."

"Kwa hiyo ni mimi nilimufungia mwanangu mlango."

"Apana. Ni kalenda mbili tu zimegombana."

Akamwelekeza. Finya pale pa saa, fungua orodha ya miezi, shuka mara mbili, *décembre*, tarehe kumi na tano. Mama alifanya kwa shingo upande. Kuruka siku hamsini na sita mara moja, kwa mtu anayeishi kwa kuhesabu siku, si kazi ndogo. Kisha akaandika anwani, na kisanduku hakikuja.

"Inaniuliza namba," alisema, na sauti yake ikawa nyembamba.

"Weka namba."

Vibonye tisa. Shakuru alivihesabu. Kisha hakuna kilichosikika isipokuwa feni na kukoroma kwa Bibi Maha. Alikuwa na furaha, na haya yasemwe wazi: alikuwa na furaha ya fundi aliyekamata ubovu bila kuigusa mashine, na tayari alikuwa akipanga jinsi atakavyowasimulia wale wacheshi wa Buyenzi.

"Fundi! Imefunguka! Jina yake! Iko hapa, Nawaf, na jina ya baba yake!"

"Alhamdulilahi."

"Miaka makumi mbili na ine. Ni yeye. Halafu kuna neno, L, I, T, na namba kumi na ine."

"*Lit*. Ni kitanda. Kitanda namba kumi na ine."

"Kitanda!" Mama alianza kulia, lakini kilio cha mtu aliyeshushiwa mzigo. "Walimupa kitanda. Hakulala msituni. Fundi, mwanangu alipata kitanda!" Kiti chake kiligonga ukuta, kana kwamba alisimama na kukaa tena. Shakuru naye alijikuta macho yamejaa, akayafuta na mkono wa shati. Alikuwa na wana wawili wa umri ule.

"Soma yote, Mama Nawaf. Kuna jina ya hospitali?"

"Ngoja. Kuna tarehe, tano mwezi wa tisa. Halafu mustari wa mwisho. É, T, A, T."

"*État*. Hali yake. Yuko namna gani."

"Halafu herufi tatu tu, na tarehe tisa mwezi wa tisa. Dé, cé, dé."

Kwa Kifaransa, herufi hizo tatu ukizitaja moja baada ya nyingine umeshalitamka neno zima. Makarani wa hospitali wanaandika hivyo kubana nafasi, na Shakuru, aliyewahi kutengeneza mashine ya karani mmoja, alikuwa ameziona zikijipanga ukurasa mzima. Mama alikuwa amelisema neno lenyewe kwa mdomo wake, kwa matamshi safi, na hakulisikia, kwa sababu alikuwa anataja herufi.

"DCD," mama alirudia. "Hao ni nani tena? Ni kundi mupya?"

Wala halikuwa swali la kijinga. Katika miaka ile kila aliyeshika bunduki alikuwa na herufi zake tatu au nne, na kila msimu lilizaliwa kundi lingine kutoka ubavuni mwa la zamani. Redio ilizitaja kutwa. Watoto walizijua kuliko hesabu.

"Fundi, unawajua? Ni hao walimutoa ku kitanda tarehe tisa, si ndiyo? Wanamushika wapi? Nitamutuma Atumani. Kama wanataka vitambaa tutawapa, kama wanataka duka wachukue duka. Nawaf anaugua kifua na baridi, kule juu hatavumilia. Nina sweta yake hapa. Fundi? Unanisikia?"

Alikuwa anasikia kila kitu. Alisikia kabati likifunguliwa na nguo zikitolewa. Na hapo, kwa muda ambao baadaye alishindwa kuupima, Shakuru alifikiri kunyamaza. Angesema, sijui hilo kundi. Angesema, nitaulizia. Mama angeishi na mwana aliye mikononi mwa watu, anayeweza kukombolewa, na angeendelea kumkunjia sweta mpaka amani ije. Lakini Atumani angepewa barua awapelekee watu wasiokuwepo, angepanda na barabara ile ile ya Bugarama kuwatafuta, na asingerudi. Njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wa hii ulikuwa unaonekana hata kwa mtu aliyefumba macho.

"Mama Nawaf," alisema. "Si kundi."

Nguo zikaacha kusikika.

"Ni neno. *Décédé*, watu wa hospitali wanalikata. Maana yake amefariki. Alifika tarehe tano, wakamulaza, akafariki tarehe tisa. *Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun*."

Alingoja kilio, akawa amejiandaa nacho. Hakikuja. Kilichokuja ni sauti kavu, sauti ya mwanamke wa dukani anayerudisha kitambaa chenye tundu.

"Fundi, hii mashine ilidanganya tarehe. We mwenyewe umesema."

"Ndiyo, mama, lakini…"

"Ilidanganya miezi miwili. Kama inaweza kudanganya miezi miwili, inaweza kudanganya na hii. Iko na ubovu. We ni fundi. Tengeneza."

Alijua hapana cha kutengeneza. Ukurasa ulitoka mbali, mashine iliuleta tu. Angeweza kumweleza hivyo. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema: "Zima, mama. Tuanze tena."

Wakaanza tena. Feni, namba, mluzi, mkwaruzo, kimya. Anwani. Namba ya familia. Mama akasoma kuanzia juu, herufi kwa herufi, jina, miaka, kitanda, mpaka chini. Ilikuwa vile vile. Shakuru akamwambia achomoe waya wa simu, aupulize, aurudishe. Ilikuwa vile vile. Akamwambia aangalie tarehe tena, aangalie na mwaka. Adhana ya alasiri ilipita juu ya paa za Rohero na hakuna aliyeinuka. Alimwagiza kufungua vitu na kuvifunga, vitu ambavyo alijua havihusiani na kurasa wala na simu, na mama akavifanya vyote kwa uangalifu, akirudia kila agizo kabla ya kulitimiza. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi nyingi kiasi kile kwenye mashine moja.

Mara ya tano mama hakusoma mpaka chini. Alifika kwenye kitanda akasimama hapo.

"Shakuru," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Niambie kama fundi. Bado iko na ubovu?"

Aliweka kiganja chake kwenye pazia, si kulifungua, kuligusa tu. Miaka ishirini na tano alikuwa amewaambia watu jibu hili, na kila mara walilipokea kwa kucheka na kumshika mkono.

"Apana, Mama Nawaf," alisema. "Mashine iko muzima."

Ndipo kilio kikatoka. Bibi Maha akashtuka usingizini, akatafuta tasbihi yake kwenye kochi, akauliza kama ukurasa umefunguka.